Soksi Isiyofika Kisigino

Kuanzia Oktoba hadi Pasaka, kila Jumamosi saa nane mchana, wanawake saba wa kijiji kimoja cha kisiwani, kwenye bahari ya kaskazini, hukutana nyumbani kwa Bergljót kufuma. Hivyo ndivyo wanavyosema wao: kufuma. Ukiwauliza waume zao watakwambia ni keki, kahawa na kusengenya, na kufuma kumo humo kama chumvi ndani ya mkate. Lakini waume hao hao hupanda mashua Januari wakiwa wamevaa soksi na glavu zilizotoka kwenye kikao hicho, kwa hiyo wanalisema neno hilo kwa sauti ya chini.

Malan alikuwa mmoja wa hao saba. Kiti chake kilikuwa kile cha karibu na jiko, na alikuwa amekikalia miaka ishirini na sita. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Sindano zake tano zililia tik tik tik bila yeye kuzitazama, huku mdomo ukieleza nani kauza boti na kondoo dume wa nani kalala zizi la jirani bila ruhusa. Keki yake ya jamu ya rabarba, mmea mchachu wa bustanini, ilikuwa ikiisha kabla kahawa haijapoa.

Sasa nikwambie jambo ambalo mumewe tu ndiye aliyelijua. Katika miaka hiyo ishirini na sita, Malan hakuwahi kumaliza soksi. Sisemi jozi. Soksi moja.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alipokuwa mtoto, mama yake, mwanamke wa haraka aliyekula chakula amesimama, alimfundisha kuanza soksi kutoka juu na kushuka nayo mzunguko kwa mzunguko kama bomba. Ila kila binti alipofika pale soksi inapopinda, mama alimnyang'anya. "Lete hapa, utaharibu." Akageuza kisigino yeye, akafunga vidole yeye, akamrudishia sindano aanze nyingine. Glavu ilikuwa hadithi ile ile, isipokuwa huko alinyang'anywa kwenye kidole gumba. Mama alipofariki, Malan alikuwa mtu mzima mwenye mume na mwana, amefuma mabomba mia kadhaa, na kisigino hakijui. Katika kijiji chao, mtu mzima kuuliza kisigino kinageuzwaje ni sawa na kuuliza maji yanachemshwaje.

Utaniambia kuuliza si ujinga. Sawa. Jaribu wewe kuuliza mbele ya Elspa. Elspa ndiye bingwa wa glavu pale kijijini, na ulimi wake una ncha kali kuliko sindano zake.

Basi Malan akajitafutia njia. Alifuma mguu wa soksi mpaka karibu na kisigino, kisha akaukunja kikapuni akisema, "Kisigino nitakigeuzia nyumbani, hapa mnanichekesha nitapoteza hesabu." Jumapili, baada ya kanisa, mumewe Tummas alinyoosha mikono miwili mbele kama mtu anayesubiri pingu, na Malan akaifumua soksi yote na kumzungushia uzi mikononi. Jumamosi iliyofuata alianza upya kwa rangi nyingine. Alikuwa na madonge matatu: la kijivu, la kahawia na jeusi. Kondoo wote wa kisiwa wangekufa na yeye asingejua, maana sufu yake ilikuwa ile ile.

"Na hizo soksi zote zinakwenda wapi, Malan wee?" Elspa alimuuliza mwaka ule wa kwanza.

"Nawatumia mabaharia," alijibu Malan, na hata yeye hakujua neno hilo limetoka wapi. "Kuna nyumba yao huko Scotland. Wanaume wasio na mama."

Wanawake walisikitika kwa pamoja. Tangu siku hiyo Malan akawa na sifa ya huruma juu ya sifa ya keki, na uongo ukapata mizizi.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kaburini kama mwanawe Rói asingemwoa Signe.

Signe alikuwa msichana wa Denmark, mtu wa mjini, mpole, mwenye miwani iliyojaa matone ya mvua kila alipoingia ndani. Rói alimleta kijijini mwezi wa nne, akamtia mimba mwezi wa tano, na mwezi wa kumi na moja akapanda meli ya uvuvi kwenda kaskazini hadi mwisho wa Januari. Signe akabaki peke yake kwenye nyumba ya juu kabisa, pale upepo unapopiga hodi kabla ya mgeni. Wanawake walikuwa wema kwake dukani. Walimwambia leo mvua, kesho ukungu. Zaidi ya hapo hakuna aliyemkaribisha kwake.

Rói alipiga simu kutoka baharini. "Mama, Signe anafikiria kwenda kwa mama yake kujifungulia huko. Tiketi ya meli ya abiria anayo mkononi. Anasema anajiona mgeni. Akienda, sijui kama atarudi kabla ya kiangazi, na siwezi kumlaumu."

Malan aliweka simu chini akakaa. Mjukuu wake wa kwanza, azaliwe ng'ambo, ajifunze kutambaa kwenye sakafu ya watu wengine! Moyo ulimuuma waziwazi, na hakujua la kufanya zaidi ya kupeleka keki kule juu.

Jioni ile ile Signe akashuka na sahani tupu. Chini ya kwapa alikuwa na donge la uzi mweupe.

"Mama, nifundishe kufuma soksi."

"Soksi za nani?"

"Za mtoto. Bergljót ameniambia kuhusu desturi yenu. Anasema kabla mtoto hajazaliwa, mama yake analeta soksi za kwanza kwenye kikao, na kila mwanamke anatia kidole kwenye kisigino na kumwombea hatua njema. Amenialika Jumamosi ya pili ya Januari." Miwani yake iling'aa. "Amenialika mimi, mama."

Malan aliipokea ile sahani. "Mwanangu, siku hizi kuna simu. Humo wamejaa wasichana wanaofuma mpaka macho yanauma."

"Wale wanafuma za popote. Mimi nataka za hapa. Na kila mtu ananiambia hakuna anayekaa na sindano kama wewe."

Kutoka nyuma ya gazeti, Tummas alikohoa. Malan alimtazama jicho moja tu na kikohozi kikapona.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Malan akavuta kiti, akamwekea Signe mikono juu ya sindano, akaanza kumfundisha. Na alimfundisha vizuri! Msichana alidondosha vitanzi, akavikamata, akacheka, akakunywa maziwa, akaanza tena. Baada ya siku tano alikuwa na kipande chenye urefu wa kidole, kilichonyooka.

"Sasa kisigino?" aliuliza.

"Bado. Ongeza mguu."

Akaongeza. Kipande kikawa kiganja.

"Sasa?"

"Bado, mwanangu. Upepo wa hapa unapanda kutokea chini. Soksi za hapa ni ndefu."

Signe hakubisha. Alishuka kila jioni, akavua buti, akakaa mahali pake mezani, akafuma. Malan naye alifuma upande wa pili. Walizungumza mambo ya Rói alipokuwa mdogo: alivyoila nta yote ya mshumaa wa kanisa, alivyomficha mwanakondoo kabatini. Tummas aliwakatia vipande vya nyama ya kondoo iliyokaushwa na upepo, na Signe, aliyewahi kuikimbia harufu yake mpaka nje, sasa aliitafuna bila kuziba pua.

Soksi ikafika robo tatu ya upana wa meza.

"Mama, una uhakika?"

"Watoto wa ukoo huu wana miguu mirefu. Mwangalie Rói."

Soksi ikafika ukingo wa meza, ikaanza kuning'inia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumwona Malan: yake ilikuwa imepita futi tatu na bado inaendelea.

Tummas alishusha gazeti. "Nauliza tu. Mnamfumia mtoto au mnamfumia farasi?"

"Baba Rói, nenda katazame kondoo."

"Kondoo wamelala."

"Basi katazame wanavyolala."

Usidhani Malan alikuwa ametulia. Mchana, Signe akiwa kwake, alifunga mlango wa jikoni na kujaribu kisigino mwenyewe, mara nane. Mara ya kwanza alipata kitu kama kikombe. Mara ya pili kikatokea mbele badala ya nyuma. Mara ya sita alipata mfuko mzuri sana ambao Tummas aliuvalisha birika la kahawa, akasema birika halijawahi kutunza joto namna hiyo, na akafukuzwa tena kwenda kwa kondoo. Alijaribu simu pia. Binti wa kwenye simu alikuwa na kucha ndefu na maneno ya haraka, na pale penyewe pa kugeuza alisema "halafu unageuza tu," jambo lililomfanya Malan aifunike simu kwa kitambaa cha vyombo.

Mwishowe alikata shauri. Jumamosi yenyewe angemwambia Signe aiache soksi nyumbani, awaambie wenzake kazi haijakamilika, na wiki inayofuata angevuka kwenda mjini kutafuta jozi dukani. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja: keki ilichelewa kuiva. Malan alipopiga hodi kwa Bergljót huku ameikumbatia sufuria ya moto, Signe alikuwa ameshafika, amekaa katikati ya kochi baina ya Bergljót na Elspa, na kikapu mapajani.

"Nilikutana naye dukani nikamwambia asichelewe," alisema Elspa. "Haya, binti. Tumengoja wiki sita. Toa soksi tutie vidole."

"Signe," alisema Malan mlangoni, "hebu ngoja kidogo—"

Lakini Signe alikuwa ameshaingiza mkono kikapuni. Akaanza kutoa. Akaendelea kutoa. Soksi ilipita juu ya meza ya kahawa, ikapita kati ya vikombe, ikagusa krimu, ikavuka sahani ya biskuti na kumwangukia Elspa magotini, na mwisho wake bado ulikuwa kwenye sindano.

Elspa akainyanyua kwa vidole viwili.

"Jamani, hii soksi au kamba ya kumfungia ng'ombe?"

Chumba kililipuka. Walicheka mpaka sindano zikaanguka. Mmoja alijipepea kwa pambo la meza. "Kwani huko kwenu Denmark," aliendelea Elspa, aliyejua kuponda chuma kingali moto, "watoto huzaliwa bila visigino? Anatembelea nini, magoti?"

Signe alikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio. "Niliambiwa..." alianza, kisha akamtazama Malan aliyesimama na sufuria yake. Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilisahau kusimama."

Akaanza kuikunja soksi ile, pole pole, mzunguko juu ya mzunguko, macho chini. Malan aliona mikono ile. Ilikuwa mikono ya mtu anayefunga mizigo ya safari.

Malan aliteremsha sufuria juu ya jiko kwa kishindo.

"Hakusahau kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aongeze. Kila siku nilimwambia aongeze, kwa sababu nilikuwa naogopa tufike kisigino."

"Uogope kisigino kwa nini?" aliuliza Bergljót.

"Kwa sababu sikijui."

"Hukijui vipi?"

"Sikijui, Bergljót! Sijawahi kugeuza kisigino tangu nizaliwe. Mama alikuwa ananigeuzia. Mama akafa. Nikaja hapa, nikakaa kwenye kile kiti, na kila nilichofuma hapa nimekifumua nyumbani Jumapili. Muulizeni Tummas, mikono yake imechoka kushika uzi."

Hakuna aliyecheka. Jiko lilipasua kipande cha peti, ule udongo mkavu wa kuni, ndani yake na kila mtu akaruka.

"Subiri kwanza," alisema Elspa taratibu. "Na wale mabaharia wa Scotland?"

"Hakuna mabaharia."

"Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiwaombea miguu yao!"

"Sala njema haipotei, Elspa, itakuwa imemfikia mtu."

Hapo Bergljót ndiye aliyeanza. Bergljót hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mkubwa wa kikao, na visigino vya soksi zake viliweza kusimama wima bila mguu ndani. Alianza kutikisika mabega, kisha machozi, kisha akashika ukuta. Wengine wakamfuata. Kilikuwa kicheko kizito, kilimchoma Malan kila mahali, naye alisimama akakipokea chote kwa sababu alijua ni chake, na kwa sababu hakikuwa tena juu ya yule binti. Elspa ndiye aliyechelewa kunyamaza, lakini Elspa hata mazishini huchelewa kunyamaza.

"Kaa," Bergljót alisema alipopata pumzi. "Lete hiyo kamba hapa."

Waliifumua soksi ya Signe pamoja. Bergljót alivuta, Elspa akazungusha donge, na uzi ukarudi futi kwa futi mpaka ukabaki mguu mdogo wa kiganja kimoja, mguu wa mtoto wa watu. Malan akavipandisha vitanzi tena kwenye sindano. Bergljót akanyoosha mkono. "Nipe, nikugeuzie haraka tuonje keki."

Malan aliirudisha soksi kifuani kwake.

"Hapana. Niambie kwa mdomo. Mikono iwe yangu."

Bergljót alimtazama kidogo, akakaa kitako.

"Nusu ya vitanzi viache vilale," alisema. "Hivyo ni juu ya mguu, havina kazi sasa. Hiyo nusu nyingine nenda nayo, rudi nayo. Usizunguke. Nenda, rudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka pawe na mraba. Sasa shika katikati. Chukua viwili kama kimoja, geuka. Geuka nimesema, usimalize mstari!"

"Mbona naacha vitanzi nyuma?"

"Viache, utavirudia. Kimoja kimoja, kila ukigeuka. Ndiyo. Ndiyo, Malan. Tena."

Signe aliegemea begani kwake akihesabu kwa kunong'ona. Mstari wa nne kitambaa kilianza kujikunja chenyewe, mstari wa saba kikapata tumbo, na ghafla pale mkononi mwa Malan palikuwa na kisigino, kidogo kama nusu ya yai. Kilikuwa kimepinda kidogo upande wa kushoto. Malan alikigeuza huku na huku. Alikuwa na miaka sitini na moja na alitaka kulia kwa sababu ya kitu cha ukubwa huo, basi akalia, na Signe akalia naye, na Elspa akasema jamani krimu inaanguka.

Keki ililiwa. Sehemu iliyobaki ya soksi ilikwenda haraka, maana unyayo wa mtoto mchanga ni mfupi, na giza lilipokuwa limefunga madirisha vidole navyo vilikuwa vimefungwa. Kitanzi cha mwisho kikabaki peke yake.

"Kata uzi," alisema Bergljót.

Malan alipekua kikapu chake, akainua donge la kijivu, la kahawia, jeusi, akapekua tena. "Nikate na nini?"

Kumbe hakuwa na mkasi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuhitaji. Wakacheka tena, ila safari hii naye alicheka, na Signe akampa mkasi wake mdogo wenye mpini mwekundu. Soksi ikazungushwa chumbani. Wanawake saba walitia vidole kwenye kisigino mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Elspa alitia kidole chake akakichezesha.

"Kimepinda," alisema. "Mtoto huyu atatembea akielekea nyumbani kwangu. Binti, Jumamosi ijayo usichelewe. Nataka kukuonyesha glavu."

Malan na Signe walirudi wameshikana mikono kwa sababu ya upepo, vichwa chini, tochi moja. Malan alikuwa na maneno mengi ya kuomba msamaha, akaanza na la kwanza, na Signe akamkatiza.

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukijui kisigino. Nilijua tangu soksi ilipofika ukingo wa meza. Na niliona lile birika."

Malan alisimama katikati ya barabara. "Na ukaendelea kufuma?"

"Ndiyo."

"Wiki zote hizo? Mpaka ukachekwa mbele za watu? Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Signe alifuta miwani kwa ncha ya skafu, jambo lisilo na faida yoyote katika mvua ile.

"Kule juu nikizima taa nasikia upepo tu," alisema. "Niliona tukifika kisigino tutakuwa tumemaliza, na sitakuwa tena na sababu ya kushuka."

Malan aliuvuta mkono wa mkwewe ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe na kuushikilia humo. Walitembea hatua kadhaa hivyo, hawawezi kwenda sawa, wakigongana mabega.

"Mtoto ana miguu miwili," alisema Malan mwishowe. "Hiyo ni soksi moja tu."

"Na glavu?"

"Glavu sizijui. Kidole gumba kinanishinda."

"Basi itachukua muda," alisema Signe.

"Itachukua. Na ile tiketi?"

"Kesho nitaipigia simu kampuni ya meli waifute."

"Piga ukiwa kwetu," alisema Malan. "Uje mapema. Jumapili Tummas anachemsha viazi saa sita."